Fundi Aliyetushusha Wote Garini

Usiniulize fundi wa antena alizaliwa wapi au baba yake alikuwa nani. Sijui, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba karibu nipoteze usukani kwa sababu yake, na mpaka leo mtu akimsema vibaya mbele yangu tunakosana.

Kibanda chake cha mabati kiko Nanyuki, nyuma ya yadi ya mbao, pale unapoanza kushika njia ya Doldol. Kazi yake ni redio za gari, zile za CB zenye maiki ya waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe. Mtu wa mjini atacheka aseme kuna simu. Aende basi na hiyo simu yake mpaka kule mabondeni ninakoendesha mimi, aishike juu kama anaombea mvua, aone itamsaidia nini. Huko lori za mifugo, magari ya ranchi na gari letu la zahanati tunaongea kwa redio. Redio ikinyamaza, mimi na mgonjwa wangu tumepotea, hata kama tuko katikati ya barabara.

Mimi ni dereva wa hilo gari la zahanati. Nilianza pale nikifua shuka, nikajifunza kuendesha, nikapewa usukani wakati mtoto wangu Wanja alikuwa na miezi minne. Kuna watu hawakupenda. Nitafika hapo.

Kwanza niseme juu ya mlango wa kibanda chake. Aliandika kwa chaki, herufi kubwa: SHUKENI WOTE. Mvua ilifuta, akaandika tena, miaka na miaka. Ukiingiza gari hapo uwanjani hata hujazima injini, ameshanyoosha kidole.

"Shuka. Na huyo nyuma. Na huyo kuku pia."

"Fundi, huyu kuku amefungwa miguu."

"Hata kama. Ako na damu. Kitu ikiwa na damu inakunywa mawimbi."

Kama hiyo ni sayansi sijui. Kidato cha nne nilisoma fizikia nikapata alama ya aibu. Lakini yeye aliisema kama mtu anayekusomea amri kumi, na sisi tulishuka, hata mchungaji mmoja mwenye goti bovu alishushwa akasimama kwenye jua kama mtoto aliyechelewa shule.

Alikuwa mrefu sana. Hilo ulikumbuke. Akishatushusha anaingia mwenyewe, anasukuma kiti cha dereva mpaka nyuma kabisa kwa sababu magoti yake hayakuumbwa kwa magari ya watu, halafu anafunga mita yake kati ya redio na waya wa antena. Ile mita ina mshale. Ukibonyeza maiki na mshale ukalala chini, sauti yako inatoka nje inaenda. Ukipanda kwenye nyekundu, sauti inafika kwa antena, inakataliwa, inarudi ndani ya redio. Hayo alinieleza siku ya kwanza na sijasahau, kwa sababu alinieleza kama mtu, wala si kama mwanamke aliyeletwa na gari la wengine.

"Watu wanaangalia hii fimbo wanasema ndiyo antena," aliniambia, akiigonga kwa kijiti. "Hii ni nusu. Nusu ingine ni gari. Bodi yote inaongea, Mama Wanja. Fimbo ikikosa kushika bodi, ni kama mtu anaongea na amefungwa kiuno."

Kwa hivyo ugonjwa wa kwanza aliotafuta kwa kila gari ulikuwa mpira. Nyinyi watu wa huku mnajijua. Hakuna kitu tunafunga kwa gari bila kuweka kipande cha tyubu ya zamani chini yake, isigonge, isishike kutu, isikwaruze rangi. Tunaweka kwa kerea ya mizigo huko juu, kwa kioo, kwa namba. Basi tunaweka na kwa antena, tunafunga nati tukijisifu, na hapo fimbo imetengwa na bodi na redio imekufa. Fundi alikuwa anavitoa hivyo vipande, anasugua hapo chini kwa msasa mpaka bati linang'aa, anamwita mwenye gari.

"Inama. Unaona uso wako hapo?"

"Naona kidogo."

"Kidogo haitoshi. Sugua."

Na alikusuguza wewe mwenyewe, hata ukiwa na suti. Vile vipande vya mpira hakutupa. Alivitunga kwenye waya mrefu uliotundikwa juu ya meza, kila kimoja na jina la mwenyewe kwa kalamu nyeupe. Ilikuwa kamba ya aibu. Uliingia ukatazama juu ukaona nani na nani wa mji huu wamekuwa wakiongea peke yao barabarani.

Nilimkuta siku moja akibishana na Haji, mzee wa mifugo ambaye lori zake ndizo zinashuka na mbuzi mpaka Sagana na mbele.

"Fundi, huo mpira nimeuweka kulinda rangi. Rangi mpya hiyo."

"Haji, hii gari ulinunua ya kuongea ama ya kuoa?"

"Ya kuoa niko nayo ingine."

"Basi hiyo ndiyo uwekee mpira."

Haji alicheka mpaka akashika mlango. Mpira wake uko hapo juu mpaka leo, umeandikwa HAJI, RANGI.

Jambo lingine ni jinsi alivyopima sauti. Mafundi wengine husema moja, mbili, tatu. Yeye hakuwa na wakati na hesabu. Alikuwa na paketi tupu ya mbegu za mahindi, imekunjwa ikachakaa, anaitoa mfukoni mwa koti anasoma maelezo ya nyuma, pole pole, kwa maiki: "Panda mbegu mbili kwa kila shimo. Weka mbolea. Funika na udongo kabla ya kuweka mbegu. Over." Uko njiani na joto, vumbi limekujaa mdomoni, ghafla redio inakuambia ufunike mbolea na udongo. Kila dereva wa upande huu anajua kupanda mahindi, hata wale wa ng'ombe tupu ambao hawajawahi kushika jembe. Nilimuuliza kwa nini paketi.

"Ukisema moja mbili, mtu anajibu 'nakusikia' hata kama hasikii vizuri. Ukisoma hii, anakuuliza, 'mbegu ngapi?' Hapo najua pale alipotea."

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe, nisikudanganye. Maisha yake yote ni kusaidia watu waongee, na yeye ukimsalimu mara mbili amechoka. Simu yake alikuwa anaifungia kwenye mkebe wa majani ya chai, nje, juu ya msumari, ati inachafua mawimbi. Ililia humo kama panya na hakushtuka. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii chochote, lakini redio ikikwaruza kidogo tu uwanjani anageuka. Wateja wanaume aliwafokea, halafu mbwa wa yadi ya mbao akija alimwagia nusu ya uji wake kwenye kifuniko cha chupa.

Na mimi alinifanyia kitu. Wanja akiwa mdogo nilimleta siku moja gari likiwa na shida ya nati, mtoto akaanza kulia anataka kunyonya, na uwanja umejaa madereva wamesimama wanatazama tu kama ng'ombe kwenye ua.  Fundi alivua koti lake lile zito, akalitundika kati ya fimbo ya antena na mlango wa kibanda likawa pazia, akaleta mkebe wa rangi nikalie. Kisha akawageukia wale wanaume.

"Nyinyi mko na shida gani na redio zenu?"

"Hakuna, Fundi."

"Basi ondoeni magari."

Kulikuwa na baridi ile ya asubuhi ya mlima na yeye amebaki na sweta lenye mashimo. Nilinyonyesha mpaka mtoto akalala. Hiyo haitoki moyoni mwangu.

Lakini kuna msemo wake mmoja ambao nilikuja kuuchukia. Mtu akija analalamika sana, alisema, "Redio haidanganyi. Ni watu." Alisema akicheka. Mimi nilicheka naye, mpaka siku ulipoelekezwa kwangu.

Sasa nifike hapo.

Gari la zahanati tuliendesha madereva wawili, mimi wiki moja, na mwenzangu tunayemwita Mrefu wiki nyingine. Mrefu akishika gari, redio inaongea kama kasuku. Nikishika mimi, inakufa. Haikuwa kila mara ofisi inapoita, lakini ilikuwa mara nyingi vya kutosha. Wananiita asubuhi, kimya. Wananiita mchana, kimya. Nikirudi jioni nawaambia redio ilikuwa imekufa, jamaa wa yadi yetu ya zahanati anakuja, ananiambia, "Mama Wanja hebu shuka kwanza," anapanda, anasukuma kiti, anabonyeza maiki. Ofisi inajibu vizuri.

"Si hii hapa inafanya?"

Siku moja mama mmoja mjamzito aliwekwa kando ya barabara huko mbele kunisubiri. Walipoita nibadilishe njia nimfuate, sikusikia kitu. Alikaa juu ya jiwe kutoka asubuhi mpaka jua likawa kichwani, na aliyemleta hospitali mwishowe ni lori la mbuzi la Haji. Alijifungua salama. Mimi nilijua jioni, nikakaa ndani ya gari nikalia, halafu nikaitwa ofisini.

Mkubwa wetu alikuwa ameshajiamulia. Mama yangu ndiye hukaa na Wanja, na nyumba yake haiko mbali na ile njia.

"Tunajua uko na mtoto mdogo," alisema, na sauti ya huruma ile ya kukasirisha. "Unazima redio unapitia nyumbani kunyonyesha. Mama yeyote angefanya hivyo. Lakini hii ni gari ya wagonjwa."

"Sijawahi kuzima hiyo redio."

"Kwa Mrefu inafanya. Kwako haifanyi. Tuseme nini?"

Maziwa yalikuwa yananivuja kifuani nikiwa nimesimama hapo mbele yake, kwa sababu tangu alfajiri sikuwa nimemwona mtoto. Na huyo mtu ananiambia nilikuwa nyumbani nikinyonyesha! Sijawahi kusikia hasira ya namna hiyo, ilipanda kutoka kwa magoti.

Tukakubaliana gari liende kwa fundi apime. Akisema ni bovu, sawa. Akisema ni zima, basi nikikosekana tena redioni hata mara moja, narudi kufua shuka na usukani unapewa mtu mwingine.

Nilienda nikiwa na imani. Fundi alinishusha. Akapanda, akasukuma kiti nyuma, akafunga mita, akabonyeza. Mshale ukalala kama paka. Akasoma mbegu mbili kwa kila shimo, na Doldol wakamjibu. Akaangalia athi, pale chini fimbo inaposhika bodi, akasugua, akabonyeza tena. Mshale chini. Akachukua kadi akaandika: REDIO NZIMA.

"Fundi, mimi sizimi redio."

Hakunitazama. Alikuwa anafuta mikono na kitambaa. "Redio haidanganyi, Mama Wanja," alisema. Safari hii hakucheka. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kama angenifokea ningemfokea.

Baada ya hapo sikumsalimu. Nilipita na gari mbele ya kibanda nikitazama mbele kama askari. Zamu yangu ilipofika, nilibonyeza ile maiki kila nikipanda kilima, nikaita mpaka koo likakauka. Mara nyingine ilijibu, mara nyingi haikujibu. Alhamisi ilinyamaza tena tangu asubuhi. Nilijua Ijumaa nitaitwa ofisini na itakuwa mwisho.

Sikurudi ofisini. Nilipitia kwa mama, nikamchukua Wanja, kwa sababu alikuwa na homa kidogo na nilitaka hata kama nafukuzwa nifukuzwe na sababu ya kweli. Nikaingiza gari uwanjani kwa fundi kwa kishindo. Wanja alikuwa amelala kifuani, nimemfunga na leso.

Fundi akatoka, akanyoosha kidole. "Shuka."

"Sishuki."

"Mama Wanja, unajua sheria."

"Sheria yako imenifuta kazi. Kila mtu akitaka kupima hii gari ananiambia nishuke. Wewe unasema shuka, yadi wanasema shuka, ofisi wanataka nishuke kabisa. Mtoto amelala, ni mgonjwa, mimi sishuki. Pima ukitaka, usipotaka kaa."

Madereva wawili waliokuwa hapo walianza kutazama viatu vyao. Fundi alisimama na ule urefu wake, akakuna sikio bovu. Nilifikiri atanifukuza. Badala yake alichukua mita, akaja upande wa pili, akainama kwa dirisha la abiria, akaifunga hapo bila kuingia. Akanipa maiki.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Mshale uliruka ukagonga mwisho wa nyekundu ukabaki hapo ukitetemeka.

Alitazama mita. Akaigonga na kidole. "Tena." Nyekundu tena. Alinitazama mimi, kisha miguu yangu, kisha kiti. Mimi ni mfupi. Nikiendesha navuta kiti mbele mpaka kinagusa mwisho, la sivyo klachi siifikii.

"Rudisha kiti nyuma," alisema, pole pole.

Nikarudisha, miguu ikaning'inia. Nikabonyeza. Mshale ukalala.

"Vuta mbele."

Kikasema tak kwenye reli yake. Nyekundu.

Alizunguka gari, akapiga magoti kwenye changarawe na umri huo wote, akaingiza mkono chini ya kiti changu. Alipapasa muda mrefu. Alipoutoa, alikuwa ameshika kebo ya antena, na mahali pamoja ilikuwa imebanwa bapa kama ulimi, imekatwa ngozi, nyaya za ndani zimegusana na za nje. Reli ya kiti ilikuwa inaiuma kila nikivuta mbele, na kuiachia kila mtu mrefu akikaa. Siku nyingine barabara ikirusha kiti, ilifunguka kidogo, ndiyo maana mara nyingine nilisikika.

"Hii kebo ilipitishwa hapa na nani?" niliuliza. Nilikuwa najua.

"Na mimi," alisema. "Kabla uje. Nilikuwa nimesukuma kiti nyuma."

Hakuniomba msamaha kwa maneno. Alikata kile kipande, akaunganisha kebo mpya, akaipitisha ukutani mwa gari mbali na kiti, na muda wote huo mimi nilikaa pale pale nimevuta kiti mbele, mtoto amelala. Alipomaliza akachukua maiki. Nikangojea mbegu mbili kwa kila shimo.

"Nyote mnaosikia," alisema. Sauti yake ilitoka kwa lori zilizokuwa uwanjani, na nilijua inatoka huko mabondeni kote, na ofisini kwetu juu ya ile meza. "Ni mimi fundi wa Nanyuki. Redio ya gari ya zahanati ilikuwa mbovu. Mimi ndiye niliharibu. Niliandika kadi ya uongo. Dereva Mama Wanja hakuzima redio hata siku moja. Ofisi ya zahanati, mmesikia? Over."

Ikaja sauti ya Haji, kutoka mahali fulani na mbuzi wake wakilia nyuma: "Tumesikia, Fundi. Mbegu ngapi?"

"Wacha mchezo, Haji."

Ofisi ilijibu baadaye sana, neno moja tu: "Imepokelewa." Hawakuniomba msamaha mpaka leo na mimi sijawasamehe, tusidanganyane. Lakini usukani ulibaki wangu.

Yeye nilimsamehe. Mwezi huo huo nilipita kibandani nikatazama juu kwenye ile kamba ya aibu. Mwisho kabisa, baada ya mpira wa Haji, kulikuwa na kipande cha kebo kilichobanwa bapa. Kwa kalamu nyeupe kimeandikwa: FUNDI.

Nilimwona tena juzi. Wanja sasa anaongea, anauliza kila kitu. Fundi amezeeka, mkono wa kulia unatetemeka na mita anaishika na yote miwili. Mvua ya mwisho ilifuta yale maandishi ya mlangoni na sikuona mapya. Nilizima injini, na kwa mazoea nikafungua mlango, nikaweka mguu mmoja chini.

"Unaenda wapi?" aliuliza.

"Nashuka, Fundi."

"Nani amekuambia ushuke? Rudi. Kaa vile wewe hukaa."

Nikarudi. Wanja akapanda magotini pangu akauliza kama guka, yaani babu, anatupiga picha. Fundi aliinama dirishani, mita imetulia mikononi mwake, macho chini, hajawasha bado. Nikavuta kiti mbele mpaka kikasema tak. Alikuwa anangoja hiyo tak. Alipoisikia, na hilo sikio lake moja, ndipo akawasha mita.